Lumbalumba ya Lupango

Kwetu tunaiita lumbalumba. Mtu wa pwani akiiona atasema ni kivumbasi, mwingine atasema ni ndugu yake mrehani, na mimi sitabishana na mtu yeyote mradi aitie kwenye samaki. Ni kichaka kinachonifika kiunoni, majani yake yana meno meno pembeni, na ukipita ukaigusa kwa nguo tu, harufu yake unatembea nayo mpaka sokoni. Marehemu baba alikuwa akisema kwamba hata taa zikizimika hawezi kumpoteza Mama, atamfuata kwa pua.

Mama alitoka nayo ng'ambo ya ziwa, upande wa Kongo, na kila tulipohamia aliipanda kabla hata ya kutandika mikeka. Aliipanda kule kwenye makazi ya wakimbizi, na tulipopata ruhusa ya kuja kuishi hapa Nchelenge, Zambia, akaipanda kando ya uzio unaotutenganisha na jirani. Samaki wa ziwa hili aitwaye pale, yule mpana mwenye nyama nyeupe, hakuingia chunguni kwake bila majani hayo. Lakini kiungo cha samaki kilikuwa kazi yake ndogo tu. Tumbo likijaa gesi, ulikunywa lumbalumba. Fizi zikiuma, ulisukutua lumbalumba. Pua ikiziba, uliinamishwa juu ya beseni la maji ya moto yenye majani hayo, ukafunikwa kitenge, na hukutoka humo mpaka Mama aridhike. Nilipokuwa mdogo nilipata mapunye kichwani, akaniponda majani akanipaka, nikaenda shuleni nanuka kama mchuzi. Wenzangu walinifuata darasa zima wakiuliza chakula kinaiva saa ngapi.

Mimi leo nauza dawa katika duka moja pale Kashikishi, na kabla ya hapo nilisomea kazi hiyo chuoni. Siku moja mwalimu wetu alituambia kila mtu alete jani analoliamini nyumbani kwao. Wengine walileta tangawizi, wengine kitunguu saumu, mimi nikaleta lumbalumba. Tulikamua mafuta ya majani tukadondosha tone katikati ya sahani ndogo yenye uteute ambamo tulikuwa tumepanda bakteria. Baadaye, tulipofunua, sahani yangu ilikuwa imejaa ukungu wa vijidudu kila mahali, isipokuwa katikati. Pale kwenye tone palikuwa na duara safi kabisa, kama mtu aliyefagia mbele ya mlango wake na kuwaachia majirani taka zao. Mwalimu akaeleza kwamba mafuta ya jani hilo yana kemikali inayoitwa thaimoli, ambayo hutumika hata katika dawa za kusukutua kinywa, na kwamba huzuia baadhi ya bakteria na fangasi kukua. Nilifurahi mno. Nilimpigia Mama simu hapo hapo, nikimwambia kwa haraka haraka mambo ya duara.

"Ulienda masomo yote ile juu ya kuambiwa maneno ya mama yako?" akasema, akakata simu ili akawaambie wenzake.

Ilinibidi nimwongezee sehemu ya pili ya somo, ambayo hakuipenda. Mwalimu alisema pia kwamba koo la mtu si sahani. Jani linaweza kusaidia, linaweza kutuliza, lakini mtoto mchanga usimpe, mwenye homa kali mpeleke hospitali, na malaria haiponi kwa chai. Hilo la malaria tulibishana karibu mwaka mzima. "Bon," akakubali mwishowe, "malaria hapana. Lakini tumbo?" Tumbo nikamwachia.

Sasa nije kwenye jambo lenyewe. Mdogo wangu alichumbiwa na fundi wa injini za boti, kijana wa hapa hapa ufukweni, Mzambia, mpole, mikono yake inanuka petroli hata akiiosha. Sisi tulimpenda. Upande wake nao walimpenda mdogo wangu, ila shangazi yake mmoja alikuwa na mashaka na sisi wengine. Huku kuna desturi inayoitwa chilanga mulilo, maana yake kuonyesha moto. Kabla ya ndoa, wanawake wa upande wa bibi harusi wanapika vyakula vyote ambavyo kijana atakuwa akila kwao, wanavibeba mpaka nyumbani kwake, wanaingia kwa magoti na kufunua chungu kimoja kimoja. Na kila chungu kina wimbo wake. Chungu hakifunuliwi kimya, ni aibu. Bibi harusi mwenyewe hubaki nyumbani, na mama yake ndiye anayepimwa siku hiyo.

Yule shangazi akasema mahali fulani, maneno yakafika kwa mdogo wangu, mdogo wangu akanifikishia, na mimi kwa hasira zangu nikayamwaga mbele ya Mama kabla sijavua viatu. Alisema hivi: watu wa ng'ambo watatuletea vyungu kimya kimya, kama wapagazi wanaoshusha mzigo sokoni.

Mama alikuwa akimenya mihogo. Aliweka kisu chini.

"Tutaimba," akasema.

"Mama, nyimbo ni za Kibemba."

"Nimesema tutaimba."

Mama yangu amekaa Zambia muda wa kutosha kujua Kibemba cha salamu, cha bei na cha kanisani, lakini nyimbo za vyungu hakuzijua hata moja. Hakuwa na dada huku, hakuwa na shangazi, hakuwa na mume wa kumsemea. Alitaka kitu kimoja tu: aingie katika ua ule kama mama wa mtu, vyungu vyake vikitajwa kwa sauti, na watoke wakisema mwana wetu ameoa kwa watu. Nilimjua. Angeaibika siku ile, asingekanyaga tena nyumbani kwa mwanawe.

Bahati ilikuwa upande wa pili wa uzio. Jirani yetu, mama mmoja Mzambia anayekausha na kuuza chisense, wale dagaa wadogo wa ziwa letu, ana sauti ambayo kanisani inawaamsha hata waliokuja kulala. Nyimbo zote za vyungu anazo. Mama alimfuata, akamwomba atuongoze, na yule mama akakubali kabla ombi halijamalizika. Tatizo lao lilikuwa lugha. Jirani alijua Kiswahili cha samaki tu, alichokiokota kwa wachuuzi wa Kongo: hesabu, punguza, ongeza, hii imeoza. Mengine walikuwa wakijaziana kwa mikono na vicheko, na walielewana vizuri kuliko mabinti zao wanavyoelewana.

Tukaanza mazoezi jioni uani kwetu, sisi na akina mama wachache wa Kikongo wa kanisani. Jirani alituimbia, tukaitikia. Alitusahihisha matamshi huku akifuta machozi ya kucheka, maana inasemekana tulikuwa tumeimba kwamba kuku amemwoa bwana harusi. Mama alijifunza viitikio vyote. Alikuwa akiviimba hata akichota maji.

Juma la chilanga mulilo lenyewe, jirani akaamka koo linamuuma.

Nilimmulika kooni kwa tochi ya simu. Palikuwa pekundu, pamevimba kidogo, bila usaha, na homa hakuwa nayo. Moshi wa kukaushia samaki, mafua yaliyokuwa yakizunguka na yale mazoezi yetu vilikuwa vimekutana hapo. Hata hivyo nilimpeleka kliniki, na muuguzi akaona nilichoona. Akamwambia asukutue maji ya uvuguvugu yenye chumvi, apumzishe sauti, arudi haraka akipata homa au akishindwa kumeza. Nikamkumbusha njia nzima: usiongee, mama, usiimbe. Akaitikia kwa kichwa. Nikaenda kazini nimetulia.

Nilipoondoka, Mama akaenda kwenye uzio kumpa maelekezo yake. Aliniambia baadaye alivyosema, neno kwa neno, na mkisikiliza mtaona wenyewe alivyojitega.

"Bamayo, kuja pale ku lupango. Tia mayi ya moto mu bassin, funika kichwa na kitenge. Lumbalumba asubui, lumbalumba mangaribi. Sauti itarudia."

Bamayo ni mama kwa Kibemba, na lupango ni uzio au ua, na neno hilo tunalo sisi na Wabemba pia. Mayi ya moto jirani aliyajua. Kitenge na beseni Mama alimwonyesha kwa mkono. Lakini lile jani jirani alilijua kwa jina lingine, kama kichaka cha kufukuzia mbu, na hakuwahi kusikia kwamba linaliwa. Na kwa Kibemba, kulumba ni kusifu. Malumbo ni sifa, zile za kanisani. Kwa hiyo alichosikia kutoka kwa mama mwenzake, mtu mzima, mcha Mungu, ni hiki: njoo kwenye uzio, weka maji ya moto, jifunike kichwa, sifu, sifu asubuhi, sifu jioni, na sauti itarudi.

Akasifu. Muuguzi alikuwa amesema anyamaze, lakini muuguzi ni mtoto, na Mama ni Mama. Asubuhi na jioni alisimama pale uzioni, kitenge kichwani, beseni la maji matupu linatoa mvuke, magoti yake yanagusa kabisa kichaka chenyewe cha lumbalumba, anamsifu Mungu kwa nguvu zake zote. Mama alimwona kupitia dirisha akavutiwa sana. "Angalia," akaniambia nikiwa nabadilisha nguo, "anapiga mvuke na anaomba pamoja. Ule ni mutu wa Mungu." Mimi nilikuwa nimechoka, nikaitikia tu bila kuchungulia.

Sauti ikazidi kwenda. Ilikwaruza, ikakatika, na jioni moja nilipokuwa narudi kutoka Kashikishi, nilisikia kutoka uzioni kitu kama bawaba ya mlango. Nikasogea. Jirani alikuwa chini ya kitenge chake akiimba wimbo wa kanisa, na wimbo hautoki. Nikachungulia ndani ya beseni kuona majani ni mengi kiasi gani. Maji yalikuwa meupe. Hakukuwa na jani hata moja.

"Mama, lumbalumba iko wapi?" nikamuuliza jirani.

Alijifunua, jasho linamtiririka, akaninong'oneza kwa Kibemba kwa huzuni kubwa. Nimelumba, mwanangu. Nimelumba mpaka nimemaliza nyimbo zote za kitabu. Labda imani yangu ni ndogo.

Nilichukua muda, kisha nikaelewa. Nilikaa chini pale pale kwenye mchanga nikacheka mpaka mbavu zikaniuma. Nilivunja tawi la kile kichaka, nikampelekea puani, nikamwambia: lumbalumba ni hii. Ni jina la jani hili. Alilitazama jani, akanitazama mimi, akatazama beseni. Mabega yakaanza kumtikisika. Alicheka bila sauti hata kidogo, mkono kwenye ubavu, mpaka kitenge kikaanguka majini.

Mama alitoka mbio kuona kuna nini. Nilipomweleza hakucheka. Aliziba mdomo kwa kiganja.

"Nimeua sauti yake," akasema. "Mi mwenyewe."

Hapo na mimi nikaacha kucheka, maana vyungu vilikuwa karibu kuwekwa motoni, na mwimbaji mwingine hatukuwa naye.

Basi tukaanza upya, safari hii kwa majani. Mama aliyachuma, akayaosha vizuri, akayamwagia maji yaliyochemka, na ule mvuke ukapanda na harufu yake kali inayofungua pua mpaka machoni. Alitengeneza na chai ya kunywa, na nyingine yenye chumvi ya kusukutua ikishapoa kidogo. Mimi nilisimamia ukimya. Nilikuwa mkali. Jirani aliruhusiwa kupiga makofi tu, moja kwa ndiyo, mawili kwa hapana, na biashara yake ya chisense aliifanya kwa vidole. Wateja walidhani ameweka nadhiri. Kila alipofumbua mdomo Mama aliugusa kwa jani, na yeye akaufumba.

Ikiwa mimi niliyesomea dawa nitaulizwa ni kipi kilichosaidia, jani, chumvi au kimya, nitasema kweli: sijui. Mafua yenyewe huenda yalikuwa yanaondoka kwa hiari yake. Mama anasema ni jani, na hataki kusikia mengine. Jirani anasema ni vyote, pamoja na zile sifa za mwanzo ambazo Mungu asingeweza kuzitupa. Ninachojua ni kwamba siku yenyewe aliamka, akakohoa, akasema "Mwashibukeni mukwai," na salamu ikasikika mpaka barabarani. Ilikuwa salamu ya bata, lakini ilisikika. Mama alimkumbatia mpaka akamwangusha kilemba.

Tukaenda. Vyungu vichwani, vitenge vya sare, njiani watoto wa watu wanatufuata wakicheza. Kulikuwa na kuku mzima, majani ya mihogo yaliyotwangwa, maharagwe, uyoga, chikanda, ule mkate wa viazi pori na karanga, iliyokatwa vizuri, chisense ya jirani mwenyewe, na ugali wa mihogo ambao Mama aliusonga kana kwamba anamkomoa mtu. Mwishoni kilikuja chungu chake yeye, yule samaki aitwaye pale, kwa lumbalumba. Hicho alikibeba mwenyewe na hakumruhusu mtu kukigusa.

Kwenye ua wa bwana harusi tulishuka magotini. Kijana alikuwa ameketi mkekani, macho chini kama inavyopasa. Shangazi alisimama kando, mikono kifuani. Na kwenye kiti, miguu imefunikwa shuka, alikaa nyanya yake yule kijana, bibi mzee sana ambaye hatukuwahi kusikia neno lake zaidi ya salamu. Kila mtu alimwangalia yeye kwanza kabla ya kucheka au kupiga kigelegele. Akiridhika yeye, shughuli imepita.

Jirani alianza. Sauti ilikuwa nzito, ina mikwaruzo, lakini ilishika wimbo, na sisi tukaitikia kwa nguvu ya kufidia. Chungu cha kwanza kikafunuliwa, kisha kingine na kingine. Wanawake wa upande ule wakaanza kuchezesha mabega. Kwenye uyoga sauti ikatetemeka. Kwenye chikanda ikakatika katikati, akaimeza, akaivuta tena. Nilikuwa nahesabu vyungu kwa macho nikiomba. Kilibaki kimoja. Jirani akafungua mdomo kwa ajili ya chungu cha Mama, na hakikutoka chochote. Akajaribu tena. Shingo ilisimama mishipa, midomo ikatamka, lakini ilikuwa hewa tupu.

Mabega yakaacha kucheza. Shangazi akageuza uso kidogo, na nikaona mdomo wake umeanza kukunjika upande. Mama alikuwa amepiga magoti, mkono kwenye kifuniko. Chungu hakifunuliwi kimya, alijua hivyo, na wimbo wake wa kuongozea hakuujua, alijua viitikio tu. Nilitaka kupiga kelele yoyote ile, lakini na mimi nilijua viitikio tu.

Mama akafunua. Mvuke ukapanda, na ile harufu ikatawanyika uani. Akainua uso, akamwangalia bibi kizee, akasema neno pekee alilokuwa nalo kuhusu chungu kile, jina lake.

"Lumbalumba."

Alilisema kwa sauti kubwa, peke yake, kwa lafudhi ya kwao.

Bibi kizee akajivuta kwenye kiti. "Ee mukwai," akaitikia, kama mtu aliyepewa amri na mkubwa wake. Kisha akafungua kinywa akapiga kigelegele ambacho sikutarajia kingeweza kutoka katika kifua kile, akaanza kusifu. Alimsifu Mungu, akamsifu kijana, akamsifu mama aliyekuja na vyungu, akawasifu waliomzaa huyo mama. Wanawake wake wakadakia. Wengine walijilaza chini wakapiga makofi kwa heshima, jinsi wanavyofanya huku kwa mtu mkubwa. Shangazi alibaki amesimama kwa muda, halafu na yeye akaingia kwenye duara, na nikiri kwamba anacheza vizuri. Nililia kwa furaha bila aibu yoyote. Jirani yangu, mwimbaji asiye na sauti, alikuwa ananipiga mgongoni kwa kiganja, kofi moja moja: ndiyo, ndiyo, ndiyo.

Walipokwisha kula, Mama alienda na birika na beseni kumnawisha bibi mikono. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeshika taulo. Shangazi akasogea, akamweleza bibi kwa Kibemba, kwa upole, kwamba palikuwa na kosa dogo. Yule mgeni hakutuambia tusifu, akasema; ameulizia kwa wenzake, lumbalumba ni jina la mboga tu.

Bibi alinyoosha mikono juu ya beseni, akamwinamia Mama, akasema kwa Kiswahili, Kiswahili chetu kabisa cha Katanga:

"Samaki iko bien, mwenzangu. Lakini lumbalumba ulitia mingi. Kule Pweto mi nilikuwa natia kidogo."

Birika lilisimama hewani. Mama alimkazia macho. Ikajulikana kwamba bibi huyo, alipokuwa msichana, alikaa kule Pweto, ng'ambo ya ziwa, akiuza samaki, na jani lile alilipika kabla mimi sijafikiriwa kuzaliwa.

"Donc ulijua," Mama akasema polepole. "Ulijua ni jina ya mboga."

"Nilijua."

"Basi ulilumba juu ya nini?"

Bibi akatikisa vidole maji yadondoke.

"Juu ulikuja," akasema.

Mama alimimina maji tena kwenye mikono ile iliyokwisha takata, na mimi nikasubiri na taulo langu.